Kutokula nyama si uzungu: kutoka Salford hadi Belgrave Road

Leo nataka tuongelee jambo ambalo kila nikialikwa kwenye shughuli ya Wabongo hapa Leicester lazima liulizwe. Watu wakiona sahani yangu ina wali, maharage na mchicha, swali la kwanza linakuja: "Vipi, unaumwa?" Nikisema siumwi, nimeacha tu kula nyama, linakuja la pili: "Umekuwa Msabato?" Nikisema hapana, la tatu halikosi: "Basi umekuwa mzungu."

Mawili ya kwanza hayanisumbui. La tatu ndilo linalouma kidogo. Mimi ni mtu wa Moshi, na kwetu nyama ni lugha. Mbuzi akichinjwa, kila kiungo kina mwenyewe kwa nafasi yake katika ukoo. Harusini ndafu anaingizwa ukumbini mzima mzima, amechomwa na majani mdomoni, watu wanampigia vigelegele kama bibi harusi wa pili. Kusema "mimi sili" mbele ya wazee ni kama kusema "mimi si wenu". Kwa hiyo swali langu tangu nilipoacha nyama mwaka 2011 halikuwa la protini wala la vitamini. Lilikuwa hili: je, mtu anaweza kuacha nyama akabaki wa kwao?

Nikaanza kusoma historia ya wasiokula nyama katika nchi hii ninayoishi. Nilichokikuta ni tofauti na watu wanavyodhani. Haikuanza na wacheza sinema wala na matajiri wa London waliochoka kushiba. Na kuna ukurasa mmoja wa historia hiyo ulioandikwa na watu waliotoka kwetu Afrika Mashariki, wakija na Kiswahili chao mdomoni. Nisiwamalizie uhondo, tuanze mwanzo.

Mchungaji aliyeitwa Mchunga Ng'ombe

Twende Salford, jirani na Manchester, mwaka 1809. Mwaka huo mchungaji mmoja, William Cowherd, alianzisha kanisa dogo lililoitwa Bible Christian Church. Hilo jina lake la ukoo ukilitafsiri kwa Kiswahili ni "mchunga ng'ombe". Na huyo mchunga ng'ombe ndiye aliyewaambia waumini wake waache nyama na pombe! Jamani, historia nayo ina utani wake.

Angalia sasa watu wenyewe walikuwa nani. Manchester na Salford za wakati ule zilikuwa zinajaa viwanda vya pamba, moshi, na watu waliotoka vijijini kutafuta kazi, wakibanana kwenye vyumba vya kupanga. Cowherd aliwagawia maskini supu ya mboga na kuwatibu bila malipo. Mahubiri yake yalikuwa mepesi kuelewa: uhai umetoka kwa Mungu, usiutoe bila sababu. Kwa mfanyakazi ambaye nyama aliiona kwa nadra na mshahara wake ukaishia kwenye pombe, hayo hayakuwa mahubiri ya anasa.

Mmoja wa watu wa kanisa lile alikuwa Joseph Brotherton, aliyekuja kuwa mbunge wa kwanza wa Salford mwaka 1832. Mkewe, Martha, alianza kuchapisha mapishi yasiyo na nyama mwaka 1812, na kazi yake inahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza cha aina hiyo kwa Kiingereza. Mnaona? Mama mmoja wa Salford alikaa akajiuliza swali ambalo kila mmoja wetu anayeacha nyama hujiuliza siku ya kwanza: sasa leo napika nini?

Mwaka 1817 waumini wapatao 40 walipanda meli wakaenda Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na William Metcalfe. Nao walikuwa watu wa ughaibuni kama sisi, wamebeba imani yao na mapishi yao. Mwaka 1850 Metcalfe alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wasiokula nyama cha Marekani.

Hapo nirudi kidogo kwenye lile swali la Usabato. Kanisa la Waadventista Wasabato liliundwa rasmi Battle Creek, Michigan, mwaka 1863, na Ellen White alihubiri sana habari za afya na kupunguza nyama. Daktari wa hospitali yao ya Battle Creek, John Harvey Kellogg, alitafuta vyakula vya nafaka vya kuwalisha wagonjwa asubuhi badala ya nyama, ndipo zikatoka zile corn flakes ambazo leo ziko kila duka. Mwaka 1903 wamisionari wa kanisa hilo kutoka Ujerumani wakafika Upare. Kwa hiyo ndugu zangu wa Kilimanjaro mnaponiuliza kama nimekuwa Msabato, hamkosei sana. Ujumbe wa kupunguza nyama ulifika mlima wa jirani zaidi ya miaka 100 iliyopita, na Wapare hawakuacha kuwa Wapare.

Neno jipya, Ramsgate 1847

Zamani Ulaya mtu asiyekula nyama aliitwa mfuasi wa Pythagoras, yule Mgiriki mnayemkumbuka kwenye hesabu za pembetatu za sekondari. Yeye na wafuasi wake walijulikana kwa kuukataa ulaji wa nyama, wakiamini roho huhama kutoka kiumbe kimoja kwenda kingine. Neno la Kiingereza "vegetarian" lilianza kutumika katika miaka ya 1840.

Tarehe 30 Septemba 1847, watu walikutana Ramsgate, mji wa pwani kule Kent, katika nyumba ya matibabu ya maji. Walikuwa makundi tofauti: watu wa Salford na kanisa lao, waalimu wa shule ya Alcott House karibu na London, na wengine waliotafuta afya. Brotherton, yule mbunge, alikuwa mwenyekiti wa kikao. Siku hiyo likazaliwa chama la Vegetarian Society, rais wake wa kwanza akiwa James Simpson, naye mtu wa kanisa la Cowherd. Mwaka uliofuata walifanya mkutano wao mkuu Manchester, na chama hicho kipo mpaka leo.

Kwa nini kuunda chama? Mbona kila mtu asingekula anachotaka nyumbani kwake? Nadhani ni kwa sababu chakula si kitu cha mtu mmoja. Ukila tofauti na wenzako unaachwa nje ya meza. Waliokutana Ramsgate walikuwa wanatafuta watu wa kula nao.

Mwanafunzi mwenye njaa London

Kitu kilichofuata kuhitajika kilikuwa mahali pa kula. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 London ilikuwa na migahawa mingi isiyouza nyama. Karani wa ofisi mwenye senti chache aliweza kupata supu ya dengu, mkate na pudingi, na kwa kawaida humo hamkuuzwa pombe. Migahawa hii haikuwa ya matajiri. Ilikuwa ya watu wa mshahara mdogo.

Mwaka 1888 akafika London kijana wa Kihindi wa miaka 19 hivi, amekuja kusoma sheria. Alikuwa amemwapia mama yake kwamba hatagusa nyama, pombe wala wanawake. Jina lake Mohandas Gandhi. Msidhani nyama hakuijua: alipokuwa kijana kwao Gujarat, rafiki yake alimshawishi ale nyama ya mbuzi kwa siri, kwa hoja kwamba Waingereza wanatawala kwa sababu wanakula nyama. Usiku ule aliota mbuzi analia tumboni mwake.

Sasa fikiria London ya baridi, mwenye nyumba wako anakupa mboga zilizochemshwa bila chumvi na vipande viwili vya mkate, unaona haya kuomba cha tatu. Rafiki zake walimwambia aachane na kiapo, mama hayupo, nani atajua? Sisi tuliokuja hapa kubeba boksi tunaijua hiyo sauti: "Huku siyo nyumbani bwana, fanya kama wenzako." Gandhi alizunguka mitaani maili nyingi kila siku akitafuta pa kula, mpaka siku moja akaukuta mgahawa wa wasiokula nyama katika mtaa wa Farringdon. Dirishani vilikuwepo vitabu vya kuuza. Alinunua kimoja cha Henry Salt kwa shilingi moja, kilichotetea kutokula nyama, akaingia ndani, akala akashiba kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza.

Ninapenda kisa hiki kwa sababu ya mpangilio wake. Kiapo alitoka nacho nyumbani kwa mama yake. Hoja alizipata London, mkononi mwa Mwingereza. Mpaka hapo alikuwa anajizuia tu kwa sababu ya ahadi. Baada ya kusoma kile kitabu akachagua mwenyewe. Sasa niambieni, Gandhi alikuwa mzungu? Alivaa suti na kofia ndefu, alijifunza hata kucheza dansi, lakini kilichomrudisha kwao ni kile kile chakula ambacho wenzake walidhani kinamzuia kuwa mtu wa kisasa.

Aliingia kwenye kamati ya chama cha wasiokula nyama cha London. Rais wake alikuwa Arnold Hills, tajiri wa kiwanda cha meli cha Thames Ironworks. Wapenzi wa soka mtege masikio hapa! Mwaka 1895 wafanyakazi wa kiwanda hicho waliunda timu ya mpira kwa msaada wa Hills, na mwaka 1900 timu hiyo ikageuka kuwa West Ham United. Wale mashabiki wanaokula pai ya nyama wakati wa mapumziko, timu yao imetokana na mtu ambaye hakugusa nyama wala pombe. Hata baiskeli walikuwa nazo: klabu ya waendesha baiskeli wasiokula nyama iliundwa mwaka 1888, wanachama wakienda matembezi na kushindana na wala nyama, ili kuonyesha kwamba mboga haimlegezi mtu.

Kwenye kamati ile Gandhi alipata somo lake la kwanza la siasa. Hills alitaka daktari Thomas Allinson afukuzwe uanachama kwa sababu aliunga mkono uzazi wa mpango. Gandhi mwenyewe hakukubaliana na Allinson kuhusu jambo hilo, lakini alisema chama ni cha wasiokula nyama, basi. Mambo mengine ya mtu yasimfukuzishe. Alikuwa na aibu kiasi kwamba hotuba yake ilisomwa na mtu mwingine. Upande wake ulishindwa. Allinson huyo ndiye aliyepigania mkate wa unga usiokobolewa, na jina lake bado mnaliona kwenye mifuko ya unga madukani hapa Uingereza.

Na pwani yetu Gandhi aliipitia. Mwaka 1893, akienda Afrika Kusini, meli yake ilitia nanga Lamu, ambako nusura imwache, kisha Mombasa, kisha Zanzibar alikokaa zaidi ya wiki moja.

Vita na kuponi za nyama

Tuvuke miaka. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, chakula kingi cha Uingereza kilikuwa kinatoka nje kwa meli, na meli zilikuwa zinazamishwa. Kuanzia Machi 1940 nyama ikauzwa kwa kuponi. Haikupimwa kwa uzito bali kwa fedha: mtu mzima alipata ya shilingi moja na peni kumi kwa wiki. Mgawo wa nyama haukuisha mpaka Julai 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha.

Katika hali hiyo serikali iliwatambua wasiokula nyama. Mtu aliweza kujiandikisha, akarudisha mgawo wake wa nyama na kupewa jibini zaidi badala yake. Nchi nzima nayo ilifundishwa kupika mboga. Mpishi wa hoteli ya Savoy, Francis Latry, alitunga pai ya viazi, karoti na mboga nyingine, ikapewa jina la waziri wa chakula, Lord Woolton. Watu waliila wakinung'unika, lakini waliila.

Katikati ya vita hivyo, Novemba 1944, mwalimu wa useremala aliyeitwa Donald Watson na wenzake watano walikutana London. Wao walikwenda mbali zaidi: hata maziwa na mayai waliyaacha. Walihitaji jina, wakachukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno "vegetarian" wakapata "vegan". Watson alikulia Yorkshire, mtoto wa eneo la machimbo ya makaa. Alipokuwa mdogo alikwenda kwenye shamba la mjomba wake, akapapenda, akawapenda wanyama wote waliokuwapo, mpaka siku alipoona nguruwe anachinjwa. Akiwa na miaka 14 aliacha nyama. Alikufa mwaka 2005 akiwa na miaka 95, ameshuhudia neno lake dogo likizunguka dunia.

Walipofika watu wetu

Sasa tumefika pale nilipokuwa napataka.

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke, wakapewa siku 90. Wapatao 28,000 walikuja Uingereza. Kabla yao, kuelekea 1968, maelfu walikuwa wamekuja kutoka Kenya, na wengine walitoka Tanzania baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na utaifishaji wa majumba wa 1971. Wengi walilenga Leicester kwa sababu kulikuwa na kazi viwandani na tayari walikuwa na ndugu. Baraza la mji likaogopa. Septemba 1972 lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaonya wasije Leicester, kwamba nyumba, shule na huduma zimejaa. Wakaja. Wengine husema tangazo lenyewe ndilo lililowafahamisha kwamba kuna mji unaitwa hivyo.

Wengi wao walikuwa Wagujarati. Wapo Waislamu, Waismailia na Mabohora, ambao nyama wanakula. Lakini Wahindu wengi na Wajaini hawali, tangu babu na babu. Hawakuhitaji kusoma kitabu cha Henry Salt. Walipofungua maduka na migahawa yao kwenye barabara ya Belgrave Road, walipika walichokuwa wakikila Kampala, Jinja, Nairobi na Dar es Salaam.

Na hapo ndipo mimi Mswahili nilipopigwa na butwaa. Menyu imeandikwa "mogo". Nikauliza mogo ni nini, mama mmoja mwenye sari akanitazama, akacheka, akasema kwa Kiswahili safi: "Muhogo, mwanangu! Hujui muhogo?" Vipande vya muhogo vimekaangwa, vimenyunyiziwa pilipili na ndimu, kama vile vya Coco Beach. Leo "mogo" ni neno la kawaida kwenye migahawa ya Kigujarati ya Uingereza, kuanzia Leicester hadi Wembley, na vijana wanaoliagiza wengi hawajui kwamba ni Kiswahili. Majumbani mwao utasikia pia "jugu" kwa njugu, "kisu", "fagio", "sufuria". Mji uliochapisha tangazo la kuwakataa leo unajivunia sherehe zake za Diwali, taa zikiwashwa Belgrave Road na makumi ya maelfu ya watu wakijaa barabarani, wakila pipi, bhajia na kachori, vyakula visivyo na nyama hata kidogo.

Waingereza wenyewe walikuwa wameshaanza upya. Mwaka 1961 mgahawa wa Cranks ulifunguliwa Carnaby Street, London, na kuwafundisha vijana wa mjini saladi na mkate wa ngano nzima. Mwaka 1985 ikaja Quorn, inayotengenezwa kwa kuvu. Lakini kwa uonjaji wangu, kilichowafanya Waingereza wengi waamini kwamba mboga inaweza kuwa tamu ni dengu, bilinganya na viungo vya wahamiaji hawa. Kwa hiyo mtu akiniambia nimekuwa mzungu kwa kula dengu na muhogo wa kukaanga, namwonyesha njia ya Belgrave Road aende akawaulize wale kina mama.

Sinema, na ng'ombe kichaa

Mgahawa mmoja maarufu wa Belgrave Road usiouza nyama, ulioanzishwa 1976, unaitwa Bobby's, kwa jina la filamu ya Raj Kapoor ya mwaka 1973. Wenzangu mliokulia miji ya Afrika Mashariki mnajua filamu za Kihindi zilivyopendwa kwetu hata na wasiojua neno moja la lugha hiyo. Familia iliyofukuzwa Uganda inafika nchi ya baridi, inafungua mgahawa, inauita kwa jina la sinema. Hapo nyumbani hapajapotea.

Sinema nyingine zimewabadilisha watu kwa njia yao. Babe, ya mwaka 1995, ni kisa cha mtoto wa nguruwe anayejifunza kuchunga kondoo. James Cromwell, aliyecheza mkulima, alikuwa tayari hali nyama. Wakati wa kuitengeneza aliacha na maziwa na mayai pia. Mwaka 2000 studio ya Aardman ya Bristol ikatoa Chicken Run, kuku wanaopanga kutoroka kabla hawajageuzwa pai. Ni vichekesho, lakini jaribu kuitazama na watoto halafu uwawekee pai ya kuku mezani. Januari 2020, kwenye tuzo za Golden Globes, chakula cha usiku kilikuwa hakina nyama kabisa.

Tukumbuke pia kilichotokea kati ya filamu hizo mbili. Tarehe 20 Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba ugonjwa wa ng'ombe kichaa, uliotambuliwa mwaka 1986, huenda umewaambukiza watu. Ng'ombe walikuwa wamelishwa unga uliotokana na mabaki ya wanyama wengine. Mamilioni ya ng'ombe waliuawa na kuchomwa moto, na Ulaya ikafunga milango kwa nyama ya Uingereza. Mtu wa Moshi anajua ng'ombe wake amekula nini, kwa sababu majani ameyakata na kuyabeba mwenyewe. Hapa watu waligundua kwamba hawajui wanachokula kimekula nini.

Na sikukuu je?

Sasa mtaniuliza, sikukuu unaishije? Hili ndilo gumu, siwadanganyi. Krismasi ya Uingereza ni bata mzinga, ingawa zamani nyumba nyingi zilikula bata bukini. Wasiokula nyama wakatunga mkate wa karanga na njugu mbalimbali, unaookwa na kukatwa vipande kama nyama, ili nao wawe na kitu cha kukata katikati ya meza. Watu huucheka mkate huu. Mimi siucheki tena, kwa sababu nimeelewa kazi yake. Sikukuu inataka kitu kimoja kikubwa kinachokatwa na kugawiwa.

Ndiyo maana nikienda Moshi Desemba siwaharibii watu sherehe. Mbuzi akichinjwa nipo, naleta kuni, nashika sahani, nawagawia wazee kwa mpangilio wao. Yangu ni kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja, chakula cha bibi zetu ambacho hakijawahi kuhitaji nyama. Mwaka wa kwanza mjomba alinitazama kwa muda mrefu. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, sehemu yangu naomba umpe mama yangu mdogo." Akafikiri, akasema, "Marahaba. Kumbe sehemu yako bado ipo." Ndiyo, ipo. Nimempa mwingine, sijaikataa. Kwa lugha ya ukoo kuna tofauti kubwa hapo.

Na tusisahau kwamba mababu zetu wengi hawakula nyama kila siku. Nyama ilikuwa ya siku kubwa. Siku za kawaida zilikuwa za makande, maharage, mnafu na ndizi. Kuku wa kila siku wa bei ya chini, mguu na paja kwenye boksi la karatasi saa nane usiku baada ya zamu, huyo ndiye mgeni katika historia yetu. Majirani zetu Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na ukiingia mgahawa wao wowote ughaibuni ukaomba chakula cha mfungo utaletewa injera iliyojaa dengu, kabichi na mboga za rangi zote. Mlei wa Addis Ababa anayekula hivyo hajawahi kuambiwa ameiga wazungu.

Tukusanye. Waliowaacha wanyama wale wao katika nchi hii walikuwa wavuja jasho wa Salford, mwanafunzi wa Kihindi mwenye njaa, mwalimu wa useremala wakati wa vita, na kina mama waliofukuzwa Kampala wakiwa na masanduku machache. Hakuna hata mmoja aliyedumu peke yake. Kila mmoja alidumu kwa sababu alipata meza: kanisa, chama, mgahawa, barabara ya Belgrave. Ushauri wangu kwa anayefikiria kuacha nyama ni huo tu. Usianze na orodha ya vitu vya kuacha. Anza na kutafuta watu wa kula nao, na chakula cha kwenu kilichokuwepo kabla ya nyama kuwa ya kila siku.

Na wewe unayekula nyama, karibu kwangu wikiendi. Nitakukaangia mogo. Samahani, muhogo.

Je, kwenu siku za kawaida mlikuwa mnakula nini? Nani alikuwa anapika? Niandikieni, nataka kujua.

Wasalaam, tuonane wiki ijayo Mungu akipenda.